Njia ya Mwongo ni Fupi: Tupime Mbio Zetu Wenyewe

Wazee wetu waliposema kwamba njia ya mwongo ni fupi hawakuwa na habari za mashindano ya mbio. Walikuwa wakimwonya mwenye ulimi wa kuteleza kwamba hatafika mbali kabla hajaumbuka. Lakini siku hizi msemo huo umepata maana ya pili, tena maana ambayo mtu aweza kuipima kwa tepu. Nenda alfajiri kandokando ya bahari pale Mama Ngina mjini Mombasa, au teremka Nyali maji yakiwa yamekupwa, au simama gatini Lamu uwatazame waendao Shela kwa mbio na kurudi. Utawaona vijana kwa wazee, wake kwa waume, wakitoka jasho kwa ajili ya afya zao, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Kisha wasikilize wanapopumzika. Huyu atasema leo amekwenda kilomita 10, na yule atasema yeye amekwenda 12. Waulize, ni nani aliyezipima? Hapo ndipo utakapowaona wakitazamana.

Hoja yangu leo ni moja. Nasema kwamba umbali ni amana, kama ilivyo ratili ya nyama au pishi ya mchele, na anayeupunguza, kwa kujua au kwa uzembe, huwapunja watu. Nasema vile vile kwamba asiyekuwa na simu ya kisasa hana sababu ya kukimbia gizani. Anao uwezo wa kuupima mwendo wake kwa mikono yake, na akifanya kwa uangalifu kipimo chake kitakuwa bora kuliko cha mwenzake mwenye simu ya bei kubwa.

MIZUNGUKO 25

Nitatoa mfano ninaoujua vyema kwa kuwa ulitokea mtaani kwetu. Palikuwa na kijana mmoja, ambaye sitamtaja jina, akikimbia kila siku baada ya swala ya alfajiri kuuzunguka uwanja wa mpira. Aliambiwa na waliomtangulia kwamba mzunguko wa uwanja ule ni mita 400, na kwa hivyo mizunguko 25 ni kilomita 10. Akaifanyia bidii mizunguko hiyo hata akawa anaimaliza kwa dakika 30 kamili. Sifa zikamjaa. Mtu anayekwenda kilomita 10 kwa dakika 30 katika joto letu hili si mtu wa kuchezewa! Watu wakamchangia nauli na viatu, akapelekwa bara kwenye mashindano ya mchujo.

Huko alikimbia katika uwanja halisi wa mbio. Waliokuwa mbele wakampita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata ya nne. Alirudi kimya kimya, viatu akampa mdogo wake, na tangu siku ile hakukimbia tena. Lakini kilichonichoma zaidi ni kauli aliyorudi nayo. Alisema, "Sisi watu wa Pwani hatukuumbiwa mbio."

Nilichukua tepu ya fundi wa ujenzi, ile ya mita 50, tukaenda na vijana wawili kuupima uwanja ule. Urefu wake ni mita 102 na upana wake mita 66. Jumla ya pande zote nne ni mita 336, wala si 400. Zidisha mara 25 utapata mita 8,400. Maana yake ni kwamba mita 1,600, yaani maili nzima kasoro mita 9, zilikuwa hazipo. Kwa mwendo ule ule aliokuwa akienda, kilomita 10 za kweli zingalimchukua dakika 35 na sekunde 43. Huo ni muda wa kutia moyo kwa kijana asiye na mwalimu, lakini sio muda wa kumpeleka mtu mbele ya mabingwa. Lau angaliambiwa kweli tangu mwanzo, angalijua amebakiwa na kazi kiasi gani, akaifanya kwa mwaka mmoja au miwili, kisha akaenda. Hakushindwa na miguu yake wala asili yake. Alishindwa na kipimo.

Na kosa hili limeenea. Uwanja wa mpira hauna urefu mmoja duniani. Sheria za kandanda zaruhusu urefu wa kuanzia mita 90 hadi 120. Hata uwanja mkubwa wa kimataifa wa mita 105 kwa 68 hauzidi mita 346 ukiuzunguka. Mita 400 ni za uwanja wa riadha peke yake, tena katika njia ya ndani kabisa. Kila njia ina upana wa mita 1.22, na anayehamia njia ya pili huongezewa mita 7 na zaidi katika kila mzunguko. Anayekimbia njia ya nane huenda karibu mita 454. Basi wawili wanaokimbia bega kwa bega, mmoja njia ya kwanza na mwenzake ya nane, hawakwenda sawa hata kama walianza na kumaliza pamoja.

SIMU NA MIPAKA YAKE

Simu za kisasa nazo hazina haki ya kiti cha kadhi katika jambo hili. Sizikatai. Zina manufaa, na mwenye nayo na aitumie. Lakini simu hupata habari zake kutoka kwa setilaiti za angani, na hata mahali peupe kabisa huweza kukosea kwa mita kadhaa kila inapokisia ulipo. Kisha huyaunga makisio hayo kwa mistari, kama mtoto anayeunga nukta kwenye karatasi. Ukienda moja kwa moja, yenyewe huchora njia ya nyoka, na njia ya nyoka daima ni ndefu kuliko yako. Ukiingia vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba za ghorofa zimekaribiana hata baraza zinasalimiana, mawimbi yale hugonga kuta kabla ya kukufikia, na simu husema umepita ndani ya nyumba za watu!

Tena liko suala la mfuko na usalama. Si kila mtu ana fedha za kununua simu hiyo, na si kila aliye nayo angependa kutembea nayo mkononi alfajiri na mapema mahali pasipo watu. Nimewasikia akina mama wakisema waziwazi kwamba hawaendi na simu kwa kuogopa kunyang'anywa. Je, hao wasijue walikofika?

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wakubwa wenyewe wa mchezo huu hawaitumii simu kupimia njia zao. Marathoni za London, Berlin, Boston na kwingineko, ambako mabingwa wetu wa Kenya wamejipatia sifa, njia zake hupimwa kwa baiskeli. Naam, baiskeli! Mwaka 1971 Bwana Alan Jones wa Marekani alitengeneza kidude chenye meno na tarakimu kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele na kuhesabu kila sehemu ya mzunguko. Mpimaji kwanza huchagua kipande cha barabara kilichonyooka, kisichopungua mita 300, akakipima kwa tepu ya chuma. Hukipita kwa baiskeli yake mara 4 ili ajue kidude kinasoma ngapi. Ndipo huenda kuipima njia yenyewe, akifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji aweza kuupita, sentimita 30 tu kutoka ukingoni penye kona. Akimaliza hurudi kwenye kile kipande na kukipita tena mara 4, kwa sababu jua likipanda upepo wa ndani ya tairi hutanuka na gurudumu hubadilika. Na juu ya yote hayo huongeza mita 1 katika kila kilomita ili isije ikatokea njia ikapunguka. Katika marathoni, ambayo ni kilomita 42 na mita 195, nyongeza hiyo hufika mita 42.

Kwa nini wanajisumbua hivyo? Kwa sababu waliwahi kuaibika. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, na dunia nzima ikatangaza kwamba hakuna aliyewahi kwenda kasi kama ile. Baadaye njia ile ilipopimwa upya ikaonekana imepunguka kwa mita 148. Mtu alikimbia kwa jasho lake la haki, lakini sifa yake ikaingia doa kwa kosa la waliopima. Ikiwa mji mkubwa kama ule ulipatwa na hayo, sembuse sisi tunaokadiria kwa macho?

KIPIMO SI KIGENI KWETU

Wapo watakaodhani kwamba habari hizi za kupima ni mambo ya Kizungu. Sivyo. Watu wa Mwambao wameishi na vipimo tangu zamani, na vingi walivibeba katika miili yao. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, na dhiraa nne ni pima, yaani mikono miwili ikinyoshwa huku na huku. Lugha yetu yenyewe yashuhudia, kwa kuwa jina la urefu huo na kitendo chenyewe cha kupima ni neno moja. Baharia alitumia pima kujua kina cha maji, na mwenye duka alitumia wari kukata nguo. Hata neno zamu tunalolitumia kila siku lina harufu ya chumvi. Manahodha wa Kiarabu waliposema zam moja walikuwa na maana ya mwendo wa saa tatu wa chombo, wakahesabu kwa zam umbali wa bandari na bandari.

Neno maili nalo lina asili ya miguu. Warumi wa kale walihesabu hatua elfu moja, kila hatua ikiwa ni mguu wa kulia mpaka mguu wa kulia tena, na elfu hiyo ndiyo iliyozaa jina lenyewe. Maili yao ilikuwa karibu mita 1,480. Hapo tunaona kwamba kipimo hiki kilichotawala dunia kilianza na mtu anayetembea huku akihesabu.

Upande wa dini yetu mambo ni ya wazi zaidi. Msafiri hupunguza swala akiwa na safari ya umbali maalumu, na sisi wa madhehebu ya Shafi hufundishwa kwamba umbali huo ni marhala mbili, yaani farsakh 16 au maili 48, ambazo ni zaidi ya kilomita 80. Ibada imefungamanishwa na umbali, basi vipi Mwislamu awe mzembe wa kuupima? Aliyehiji anajua kwamba baina ya Safa na Marwa ziko alama mbili za kijani, na kwamba mwanamume akifika baina yake huharakisha mwendo. Hiyo ni njia iliyopimwa na kutiwa alama, ambayo mahujaji wameipita karne baada ya karne.

Tena katika hadithi sahihi imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi. Wale waliozoezwa kwa mashindano walikwenda kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, maili 5 au 6, na wale wasiozoezwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja. Tazama hekima iliyomo! Kila kundi liliwekewa mwanzo na mwisho wake unaojulikana, na umbali kwa kadiri ya uwezo wake. Hakuna aliyeachwa akimbie ovyo kisha akaambiwa umekwenda mbali.

Na katika elimu, Khalifa Al-Maamun wa Baghdad katika karne ya 9 aliwatuma wataalamu jangwani Sinjar wapime ukubwa wa dunia. Walisimama mahali pamoja, wengine wakaenda kaskazini na wengine kusini, wakinyosha kamba na kupigilia vigingi, mpaka nyota ya kaskazini ilipopanda kwa hawa na kushuka kwa wale kadiri ya digrii moja. Kwa kamba na vigingi walipima dunia. Sisi twashindwa na kilomita 5 za kutoka nyumbani hadi sokoni?

Wala tusisahau kwamba asiyepima hupimiwa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa Ulaya zikaamua kwamba nchi ya Sultani wa Unguja huku bara ni maili 10 za baharini kutoka pwani, yaani kama kilomita 18 na nusu. Maisha ya babu zetu, mashamba yao na siasa za Mwambao hadi mwaka 1963 zilifuata mstari huo, ambao hawakuulizwa wala hawakuushika kamba yake. Ni jambo kubwa kuliko mbio, lakini fundisho ni lile lile.

JINSI YA KUPIMA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Njia ya kwanza ni kamba. Azima tepu ya fundi, kata kamba ya mita 20, funga fundo kila mwisho, na watu wawili washikane, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakitia alama ya chaki kila wanapofika. Mara 50 ni kilomita moja. Lakini chagua kamba yako vizuri. Kamba ya makumbi hurefuka ikivutwa na hubadilika ikilowa, na ya nailoni pia hunyumbuka. Ivute kwanza, ndipo uipime, na ukimaliza kazi ipime tena. Kamba yafaa sana kwa uwanja, kwa ua wa shule, au kwa njia fupi ya mtaani.

Njia ya pili ni hatua. Pima mita 100 kwa ile kamba mahali palipo sawa. Zitembee kwa mwendo wako wa kawaida huku ukihesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Rudia mara nne, jumlisha, gawa kwa nne. Tuseme umepata 66. Basi kila ukihesabu 66 umekwenda mita 100. Ili usisahau umefika mia ya ngapi, tia komwe 10 za bao katika mfuko wa kulia, na kila mia ikitimia hamisha komwe moja mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukiwa mtupu umemaliza kilomita. Jihadhari na mambo mawili. Hatua za kukimbia si sawa na za kutembea, kwa hivyo njia ipime kwa kutembea kwanza, kisha uikimbie siku nyingine. Na hatua hufupika mtu akichoka, akipanda mlima, au akizama mchangani. Kwa hivyo usipime mchanga wa ufuoni kwa hesabu uliyoipata kwenye lami.

Njia ya tatu, na ndiyo bora, ni baiskeli. Funga kitambaa chekundu kwenye njiti moja ya gurudumu la mbele. Jaza upepo, panda, kwa sababu uzito wako huibonyeza tairi na kulifupisha gurudumu. Mwenzako atie chaki chini mahali kitambaa kilipo, nawe uende moja kwa moja mizunguko 10 kamili, kisha atie chaki tena. Pima baina ya chaki mbili kwa tepu. Tuseme ni mita 21 na sentimita 40. Gurudumu lako basi huenda mita 2 na sentimita 14 kila likizunguka, na kilomita moja ni mizunguko 467 na kidogo. Kwa kuwa kuhesabu maelfu huchanganya akili, kila mizunguko 50, ambayo ni mita 107, mwenzako aandike mstari daftarini. Fanya kazi hii alfajiri kabla ya jua kali na kabla ya magari, na kwenye kona shika mstari mfupi ambao mkimbiaji angeushika.

Iko pia njia ya ramani. Ramani za Idara ya Upimaji ya Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000 huonyesha kilomita moja kwa sentimita 2. Laza uzi juu ya barabara kwa kufuata kona zake, kisha unyoshe uzi kwenye rula. Yafaa kwa njia ndefu za mashambani, lakini kumbuka kwamba ukikosea milimita 1 umekosea mita 50. Mita ya gari au ya pikipiki nayo yafaa kwa makisio tu, kwa kuwa nyingi hazionyeshi chini ya mita 100, na tairi iliyolika hudanganya. Huko Lamu wako wengi wanaopanda punda, na punda hana mita. Watu wa Lamu basi wana sababu zaidi ya kushika kamba.

WATAKAOPINGA

Najua yuko atakayesema kwamba mambo haya ni kujisumbua bure, kwamba mtu akimbie mpaka achoke arudi nyumbani. Kwa anayetafuta afya tu, ana hoja. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na dakika hupimwa kwa saa ya mkononi, haihitaji kamba. Mgonjwa wa sukari aliyeambiwa na daktari atembee nusu saa kila siku na atazame saa yake. Lakini hata yeye akitaka kujua kama amepata nguvu kuliko mwezi uliopita, atajuaje? Ni mpaka awe na njia moja isiyobadilika, aipite leo kwa dakika 30 na baada ya Ramadhani kwa dakika 27. Hapo ndipo moyo hufurahi, na moyo ukifurahi miguu hurudi njiani kesho.

Mwingine atasema tatizo letu ni joto, siyo kipimo. Ni kweli joto letu si la mchezo. Machi 24, 2007 dunia nzima ililiona, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Mombasa kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa amezoea kushinda kila mwaka, alisimama njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akanyakua kilomita 12 za wanaume. Lakini njia ile ilikuwa imepimwa, na kwa ajili hiyo twaweza kusema bila wasiwasi kwamba ni joto ndilo lililowapunguza. Pasipo kipimo hatujui kijana wetu anacheleweshwa na jua, na mafunzo au na uvivu. Kipimo hakiondoi joto, lakini huzuia joto lisisingiziwe kila kitu.

Wako pia wanaouliza wasichana wetu watakimbilia wapi, maana si kila familia itaridhia binti aende barabarani peke yake. Hao nawakumbusha kwamba Bi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye. Mbio si haramu kwa mwanamke. Linalohitajika ni mahali pa stara. Ua wa shule ya wasichana ukipimwa na kukutwa una mita 120, basi mizunguko 8 na mita 40 ni kilomita moja kamili, na msichana aweza kujijua hali yake pasipo kutoka nje ya lango wala kumiliki simu.

TUFANYE NINI

Nashauri hivi. Kila mtaa uwe na njia moja iliyopimwa. Vijana wa klabu ya mpira, ambao hawakosi, wachukue siku moja kuupima uwanja wao na kuandika mzunguko wake ukutani kwa rangi, nambari kubwa zisomeke. Walimu wa hesabu, wa shule na wa madrasa, watoke na watoto na baiskeli moja. Wataona jinsi duara, kugawanya na wastani vinavyoingia vichwani kwa haraka vikitoka kwenye ubao na kuingia barabarani. Serikali za kaunti nazo, zinapotengeneza njia za kupumzikia za kandokando ya bahari, zipige alama chini kila mita 500. Rangi ya alama hizo si ghali, na faida yake haina mwisho, kwa kuwa atakayepita miaka 10 ijayo atafaidika bila kumjua aliyeipaka. Sisi watu wa sadaka ya kudumu tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Na wale wanaoandaa mashindano ya kuchangisha fedha na kutangaza kilomita 10, nawaomba kwa heshima wapime kabla ya kuchapisha fulana. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima ya Al-Mutaffifin kuwaonya wanaopunja vipimo. Wengi wetu tukiisoma tunamfikiria mwenye duka na mizani yake. Lakini aliyelipa kiingilio cha kilomita 10 akapewa 9, naye amepunjwa. Na aliyepewa sifa ya kilomita 10 alizokwenda 8 tu, huyo amepunjwa zaidi, kwa kuwa amepunjwa kujijua.

Basi mwenye tepu na aitoe, mwenye baiskeli na aitie upepo, na mwenye macho ya kuhesabu na ashike daftari. Na siku atakapotokea tena mtu, wa bara au wetu wenyewe, akasema kwamba watu wa Pwani hawakuumbiwa mbio, tusibishane naye kwa maneno. Tumwonyeshe kilomita 10 zilizopimwa, tumpe saa aishike mkononi, na tuiache miguu ijibu.